Bangili Moja ya Fedha

Jumamosi nilikuwa katika duka la mzee mmoja anayenunua mapambo ya fedha ya zamani, karibu na soko. Mama mmoja mjane, wa familia zilizohamia huku zamani kutoka Maniema, aliweka bangili yake mezani. Mzee aliisugua juu ya jiwe jeusi, akatazama mstari mweupe ulioachwa, kisha akapitisha ukucha pembeni, penye mikwaruzo midogo midogo.

“Hii ilikuwa inagongana na ingine,” alisema. “Mwenzake iko wapi?”

“Iko ku mukono ya dada yangu, kule Sakania. Tuligawana siku mama alikufa.”

“Basi umwambie atume. Zikiwa mbili, iko kitu ya zamani, nitakupa bei muzuri. Moja ni ya kuyeyusha tu. Nalipa uzito.”

“Lipa uzito, baba. Nataka tikiti ya treni, niende kwake.”

Mzee alisita, mizani mkononi. “Ukifika na mukono mutupu atakuuliza, mama. Bangili ya mama yenu uliipeleka wapi?”

“Aulize. Tangu bwana yangu alikufa, mu nyumba hamuna muntu wa kuniuliza kitu.”

Mzee alipima, akalipa. Mama alitoka akikishika kifundo cha mkono wake mtupu, mwendo wa haraka, kuelekea stesheni.

Ndivyo nilivyojifunza kwamba fedha iliyoishi na mwenzake hujulikana kwa mikwaruzo. Ninaandika haya peke yangu chumbani, na mikono yangu ni laini kabisa, haina mkwaruzo hata mmoja.