Nilimpakata mkwe wangu kwenye bodaboda, wakaniambia ningesubiri

Wakuu, namshukuru Mungu wa rehema aliyeniamsha leo hapa Rungwe, mvua inanyesha kama kawaida yake, na mjukuu wangu analia chumba cha pili. Kilio hicho ndicho sababu ya uzi huu. Ninayoandika ni kweli tupu, na Mungu ninayemtumikia anaisoma kabla yenu.

Mimi ni mzee wa kanisa, mkulima wa migomba na chai kidogo, upande wa Igogwe. Humu huwa nasoma na kupita.

Lakini juzi mwanachama mmoja aliweka uzi wa kuisifu mila yetu ya kutila, na komenti zikajaa "mila ni mila". Nilisoma mpaka chini, kisha nikaweka simu mezani kwa hasira.

Kwa wasio Wanyakyusa, nieleze.

Kutila ni kuogopa. Na neno hilohilo ndilo tunalotumia mke wa mtoto wako wa kiume anapomkwepa baba mkwe. Kwa mila ya zamani hamtazami, hampi kitu mkononi, hapiti alipo, hata jina lake halitamki. Tuliambiwa tangu utoto kwamba mwiko huo ukivunjwa, tumbo la mwanamke linafunga au mtoto haishi.

Familia nyingi za Kikristo zimelegeza, nyingine zimeacha kabisa. Lakini Subilaga, mke wa mwanangu Ambakisye, alilelewa na bibi yake huko milimani, na bibi alimjaza hofu hiyo kama mtu anavyojaza debe. Alipoolewa kwetu, dada yangu akaja kushindilia.

Basi tukawa tunaishi hivi. Nikitoka shambani nakohoa nikiwa bado kwenye migomba. Kikohozi ndiyo hodi yangu. Akisikia, anajifunika kanga na kutoka mlango wa nyuma. Naingia, nakuta chai ya moto mezani, mtu hayupo.

Mke wangu alikuwa akinitania, "Baba Ambakisye, wewe una mkwe au una kivuli?"

Tulicheka. Sasa sicheki.

Siku yenyewe mke wangu alikuwa ameenda msibani Bulyaga pamoja na akina mama wote wa jirani. Ambakisye yuko Mbeya kikazi. Subilaga alibaki nyumbani, mimba ikiwa imekaribia siku zake.

Mvua ilinizidi shambani nikarudi mapema. Nikafika kwenye migomba, nikakohoa kama kawaida.

Nikasikia kishindo nyuma ya nyumba.

Nilizunguka nikamkuta chini, kwenye matope, kanga imelowa damu. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa amelala ndani, damu inamtoka tangu asubuhi, hana nguvu hata ya kuketi. Kikohozi changu ndicho kilichomwinua. Alikuwa ananikimbia.

Aliponiona akajifunika uso.

"Baba, pita. Usinione. Mtoto atakufa."

Wakuu, mwanamke anavuja damu, na anachokiogopa ni macho yangu.

Na mimi nilisimama. Lazima niseme hivyo kwa sababu nimeahidi kweli. Mimi ninayeombea wagonjwa kila Jumapili, miguu iligoma. Hofu uliyonyonya na maziwa haiulizi umesoma Biblia mara ngapi. Nikawaza: nikimgusa, mtoto akafa, itasemwa nani kamuua? Nilimpigia mke wangu, simu ikaita mpaka ikakata. Nyumba za jirani zote zimefungwa.

Nikasema, "Bwana, huyu ni mtoto wako kabla hajawa mkwe wangu." Sikuwa na maombi marefu.

Hapo likanijia neno la Krismasi. Tunapoisoma habari ile kwa Kinyakyusa, malaika akiwatokea wachungaji, anaanza kwa kuwaambia wasiogope. Kwa mtu mmoja tunasema: ungatilaga. Nimezeeka nikilisikia neno hilo, na sijawahi kugundua kwamba ndani yake kuna kutila ileile. Usiogope. Usinikwepe. Mbingu ilipotusogelea, kitu cha kwanza ilichotuomba ni tusikimbie.

Nikapiga magoti kwenye matope.

"Subilaga, ungatilaga."

Akafunua jicho moja. "Ni Baba ndiye unasema hivyo?"

"Si mimi niliyeanza kusema, mwanangu. Nipe mkono."

Akanipa. Ulikuwa wa baridi.

Nikampigia Gwakisa, kijana wa bodaboda pale njia panda. Alifika, akatutazama, akashusha sauti.

"Mzee, huyu si mkwe wako? Nani atamshika?"

"Mimi."

"Mzee wa kanisa apige mshikaki na mkwe wake? Senta nzima itaona."

"Waone. Wewe angalia barabara."

Tulikaa watatu, Subilaga katikati, mikono yangu imemzunguka asidondoke. Mwanzoni alikuwa amekakamaa kama gogo. Tulipoanza kupanda kilima akaniegemea, kichwa chake kifuani kwangu, nikamsikia anaomba. Mimi nilikuwa nalia, ila kwa ile mvua hakuna aliyejua.

Hospitalini manesi walimpokea mbio, akaingizwa upasuaji. Daktari akatuambia baadaye kwamba kondo la nyuma lilikuwa limeanza kuachia, na tungechelewa kidogo tungezika wawili.

Mama yu hai. Mtoto yu hai, wa kike. Tumemwita Lugano, maana yake upendo.

Ningependa uzi uishie hapo. Hauishii.

Dada yangu alifika wodini. Hakumsalimu mgonjwa. Aliniambia mimi, "Umemwona, na umemshika. Sasa mtoto huyu akikohoa tu, tutajua."

Nikamjibu, "Dada, mtoto akikohoa itakuwa ni kwa sababu Rungwe kuna baridi."

Huyo nilimsamehe, naye aliogopeshwa kama mimi. Aliyenichoma ni mzee mwenzangu wa kanisa. Baada ya ibada alinivuta pembeni kwa upole wote.

"Hakuna anayekulaumu, mzee mwenzangu. Ila ungesubiri akina mama warudi."

"Ningesubiri nini? Jeneza?"

"Hasira si nzuri, mzee."

Nilimwambia hata Yesu alipindua meza, nikaondoka.

Wakuu, nimekuwa mvumilivu maisha yangu yote, lakini neno hilo "ungesubiri" bado halijanishuka kooni. Tunaimba pendo la Mungu mpaka mabati yanatetemeka, kisha tunawafundisha binti zetu kuvuja damu kimya nyuma ya migomba ili mzee asikwazike. Halafu tunaita heshima. Heshima naijua, nimelelewa nayo. Heshima humwinua mtu. Hii ilimwangusha mkwe wangu matopeni, na ilitumia kikohozi changu.

Sisemi tudharau wakubwa. Nasema hivi: pendo la Mungu na hofu ya namna ile havikai nyumba moja. Mimi nilidhani nina imani kwa kuwa nilikuwa sijawahi kuombwa nichague.

Subilaga aliporudi nyumbani sikumlazimisha kitu. Alikuwa bado anashtuka akinisikia.

Wiki iliyopita nilishikwa na mafua ya kweli. Natoka shambani nikakohoa, bila kukusudia. Nikasubiri kusikia mlango wa nyuma. Kimya. Kisha sauti ikatoka jikoni:

"Baba, pole na mafua. Njoo uote moto, umpokee na Lugano, mikono yangu ina unga."

Nikaingia. Alikuwa ameketi palepale, amenitazama usoni, mtoto mapajani.

Wale wa "mila ni mila", karibuni mniambie ningesubiri mpaka lini. Na akina mama mliopitia haya mkanyamaza, andikeni, nitasoma kila neno.

Nawe unayesoma, Mungu akuondolee kila hofu iliyovaa nguo ya heshima, na siku utakapoanguka, akupe mtu wa kupiga magoti kwenye matope karibu yako na kukuambia: ungatilaga. Ubarikiwe.