Kuzima Gari Mteremkoni

Mzee mmoja ambaye hakuwahi kuniibia hata nati moja nilimwita mwizi. Nilimwita hivyo mbele za watu, asubuhi, gerejini kwake Mabatini, na mzee mwenyewe alikuwa mtu asiye na mali nyingine zaidi ya jina lake. Chanzo ni gari. Nitaanza na gari, maana kulisema gari ni rahisi kuliko kujisema mwenyewe.

Nilikuwa dereva wa lori katika kampuni ya umma ya pamba. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi, wenzangu walichukua kiinua mgongo wakanunua nyavu, ng'ombe, mashine za kusaga. Mimi nilinunua gari la kukimbia. Biashara ilikuwa imefunguliwa miaka ile, magari yaliyotumika yakaanza kuonekana mjini, na Mhindi mmoja mzee mwenye duka la spea alikuwa na gari dogo jeupe la Kijapani, milango minne, limelala chini. Lilikuwa na tabo, kile kidude cha chuma kinachozungushwa na moshi wa injini ili kisukume hewa zaidi ndani. Ukikanyaga mafuta linanyamaza kidogo, kisha unajikuta umebanwa mgongo kwenye kiti. Nilikuwa nimeendesha malori yanayokohoa kwa miaka kumi na mitatu. Niacheni.

Yule Mhindi aliniuzia kwa bei rahisi na kwa sharti moja. "Safari ikiisha usizime mara moja," alisema. "Liache lingurume dakika mbili, oili ipoze tabo. Usipofanya hivyo, usije dukani kwangu kulia."

Nililitii sharti hilo kama amri ya kanisani. Kila nikifika nyumbani Kiseke nilikaa ndani ya gari dakika mbili nzima, na mke wangu, ambaye alitaka mabati na siyo gari, alichungulia dirishani akauliza, "Bado mnaagana?"

Rahisi huvunja upishi, na lile gari lilivunja upishi kweli. Shokapu za mbele zilikufa kwanza, kwa sababu barabara ya Kiseke ilikuwa mawe matupu na gari lenyewe lilitengenezwa kwa lami. Tairi zake pana hazikupatikana Mwanza. Niliagiza Nairobi kupitia dereva wa basi nikangoja wiki tatu. Likakwangua tumbo kwenye jiwe, oili ikamwagika yote. Klachi ikafuata. Petroli ndiyo usiseme.

Kazi zote hizo alizifanya yule mzee wa Mabatini. Alikuwa fundi wa karakana ya kampuni yetu na tulipunguzwa siku moja. Yeye alinunua spana na jeki, akaanza gereji kwenye kiwanja cha kupanga. Alinizidi umri mbali, kila asubuhi nilimpa shikamoo yake. Hakuwa na kibao wala risiti. Wateja wake walikuwa madereva waliomjua tangu kampuni, nao walimpelekea magari kwa sababu neno lake halikuwa na shaka.

Siku moja gari likaanza kutoa moshi wa buluu. Mzee akafungua, akasema tabo imekufa. Alitafuta nyingine iliyotumika, akanionyesha kwamba mhimili wake haulegi, akaifunga. Haukupita mwaka, moshi ule ule ukarudi. Akafungua tena, akautikisa mhimili wake kwa kidole mbele ya macho yangu. Ulikuwa umelegea na umeungua mweusi.

"Imekosa oili," alisema. "Sijui kwa nini. Njia ya oili ni safi."

Mimi nilijua kwa nini, au nilidhani najua. Kila mwenye gari Mwanza anaamini kwamba fundi akibaki peke yake na gari lako anang'oa kizima anaweka kibovu. Hasira zangu ziko karibu tangu utotoni.

"Ile tabo nzima umemuuzia nani?" nikamuuliza.

"Mwanangu, niliyofunga ndiyo hii."

"Basi wewe ni mwizi."

Madereva watatu walikuwepo. Mzee alijifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja, akaniambia nichukue gari langu. Sikuishia hapo. Nililirudia neno lile kituo cha mafuta, nikalirudia kwenye maegesho ya malori. Watu walisikiliza vizuri sana.

Miezi miwili baadaye nilikwenda kwa yule Mhindi kutafuta tabo ya tatu. Alitaka alisikie gari likitembea, tukaenda pamoja mpaka Kiseke, polepole, tukifuka moshi. Wakati wa kurudi tulifika kwenye mteremko mrefu unaotazama ziwa. Nikaweka nyutro, nikarudisha ufunguo hatua moja. Injini ikanyamaza, gari likaserereka lenyewe.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Nashuka."

"Unashuka hivi siku zote?"

Siku zote. Miaka ya shida ya mafuta kampuni ilitupimia petroli kwa madebe, na dereva aliyejua kazi alizima gari kila mteremko. Niliwahi kuandikiwa barua ya pongezi kwa kurudi na petroli tangini. Mkono wangu ulizoea kuuendea ufunguo bila kuniuliza. Dakika mbili za nyumbani nilizitimiza, lakini kwangu kuzima kulikuwa ni pale unapofika. Huku njiani sikuhesabu.

Tulipofika chini Mhindi alinigeukia. "Injini ikizima, oili haipandi," alisema. "Tabo inazunguka imewaka moto, kavu. Tabo zote mbili umeua wewe."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nikaenda Mabatini moja kwa moja. Kwenye kile kiwanja nilikuta mama anauza ndoo. Akaniambia mzee aliishiwa wateja, amehamia Buswelu, ambako magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu.

Nilimkuta anaziba pancha ya baiskeli. Nikashuka, gari nikaliacha linanguruma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

Nikamwambia yote: mteremko, ufunguo, oili. Nikamwambia nimemkosea na naomba anisamehe. Alimaliza kubandika kiraka chake, akakigonga.

"Maneno yale uliyasemea wapi?"

"Gerejini kwako. Kituo cha mafuta. Na kwenye malori."

"Basi huko ndiko ukaseme. Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikuiba."

Nilianza na malori. Nilipoegesha, dereva mmoja kijana, mgeni kwangu, alikuja akautazama moshi wangu akatikisa kichwa.

"Hiyo tabo, kaka," alisema. "Lakini uangalie. Usilipeleke kwa yule mzee aliyehamia Buswelu. Ni mwizi wa spea."

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Watu wanasema."

Nikamwambia watu hao ni mimi.