Samaki wa Kahonzi

Kahonzi Masha alipasua mawe miaka kumi na tisa katika timbo moja nyuma ya Kakuyuni, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wawili. Mwaka wa kwanza walimcheka. Wa pili wakawa wanamwomba awanolee patasi.

Asubuhi moja ya mwaka 1984 bamba la jiwe lilifunguka mikononi mwake, na ndani mlikuwa na samaki aliyegeuka jiwe, wa urefu wa mkono mzima. Mdomo wake ulikuwa chini ya pua, hauna jino hata moja, na mkia umepinda kwenda juu kama wa papa. Lakini Kahonzi alishawahi kuuza papa mkavu sokoni. Huyu hakuwa papa.

Ndirangu, msimamizi wa timbo, akataka bamba lipakiwe na mengine, likatandikwe sakafuni kwenye baa ya hoteli mpya Malindi.

"Hili halikanyagwi," Kahonzi alisema, akalikalia.

"Mama, lori linangoja."

"Na lingoje."

Lori liliondoka bila jiwe lile. Mwalimu wake wa ngumbaru, darasa la jioni la watu wazima, akaandika barua Nairobi, na baada ya majuma matatu akaja Mumbua, mtaalamu wa makumbusho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, niambie huyu ni nani."

Mumbua alipiga magoti, akatazama kwa muda mrefu. "Aina hii ilikwisha zamani sana, kabla ya mtu yeyote kuwako. Mifupa yao mingi ilikuwa laini kama sikio, ndiyo maana ni vigumu kumpata mzima hivi. Jamaa zao wachache bado wapo, kwenye mito ya nchi za baridi."

Ndirangu alikuwa amejaza karatasi ya kukabidhi. Akamsogezea Kahonzi wino atie dole gumba. Kahonzi akausukuma kando, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Aliyempata samaki: Bwana Ndirangu."

Wapasua mawe wakaweka nyundo chini, wakasogea karibu.

"Ni utaratibu tu, mama. Msimamizi ndiye..."

"Msimamizi alitaka kumfanya sakafu. Futa."

Mumbua ndiye aliyefuta, akaandika Kahonzi Masha. Jioni ile Ndirangu akamwachisha kazi. Kesho yake Kahonzi akaanza kuchimba mawe kwenye shamba la kaka yake, ng'ambo ya barabara, na wanaume wawili wa timbo wakamfuata.

Barua ilipokuja kumwalika Nairobi apigwe picha kando ya samaki, alijibu kwa mkono wake mwenyewe: ana kazi, wenye kamera waje.