Kidole cha Dotse

Ilikuwa mwaka themanini na tatu. Hapana, nakosea; themanini na tatu tulikuwa na njaa, na siku Dotse aliporudi kutoka hospitalini tulikula akple, ugali wetu wa mahindi, kwa samaki tukashiba. Basi ni themanini na nne.

Dotse, jirani yangu hapa Agbozume, alikuwa mfumaji. Ugonjwa wa misuli ulimwanza ujanani, mabega yakalegea hata shati akawa anavishwa na mkewe, Sefakor. Lakini viganja na miguu vilimtii. Na kwetu mfumaji hufuma kwa miguu: kamba mbili hubanwa kwa vidole vya miguu, unavuta hii, unaachia ile, nyuzi zinafunguka.

Siku moja Sefakor alipitisha kidole juu ya kitambaa kipya, akasita, akamwambia mumewe:

"Baba Edem, nyuzi zinarukwa. Kila mstari wa pili. Mguu wa kulia hauvuti."

"Uzi mbovu huo."

"Uzi mbovu unajua kuhesabu mbilimbili?"

Sefakor akaja kwangu akilia, kwamba ugonjwa umeshuka miguuni, na miguu ndiyo iliyobaki kuwalisha. Nikaenda.

"Toa mguu, bwana. Au umeota kwato?"

Alicheka kidogo, akautoa. Ubavuni mwa kidole gumba, pale pale kamba inapokaa, palikuwa na uvimbe kama punje ya karanga. Nilipougusa aliurusha mguu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nguvu ninazo," akasema. "Maumivu ndiyo yananizuia. Niliogopa mtasema ukoma. Tena daktari asije akaukata mguu mzima."

Tukampeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, aliukata uvimbe tu, muda wa kuchemsha uji, akaupeleka kupimwa. Tulingoja wiki mbili. Jibu likaja: ni uvimbe wa mshipa wa fahamu. Si saratani, si ukoma, na ule ugonjwa wa misuli haujafika miguuni. Sefakor alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akabaki anapumua tu.

Kidonda kilipopona nikausikia tena mtambo wake wa kufumia. Sefakor alipitisha kidole juu ya kitambaa, hakusita popote.

"Sasa umeishiwa visingizio," akamwambia.

Mimi nina swali moja. Nilimuuliza daktari, nikamuuliza mchungaji, nikamuuliza Dotse mwenyewe: maradhi mawili yakipanga nyumba moja, je, huwa yanajuana?