Winga, Wakili na Shemeji Yake

Maruli Simbolon alizaliwa na bahati, na Gindo Sihotang alizaliwa jirani yake. Hilo lilitosha kumnyima Gindo usingizi. Wote wawili walikulia Balige, kando ya ziwa, wakachezea timu moja ya mji: Maruli winga wa kulia, Gindo golini. Winga akifunga, hubebwa mabegani. Kipa akidaka, watu husema ndiyo kazi yake.

Maruli alisomea sheria Medan, na kila Jumamosi alishuka na basi kuja kucheza, viatu vya mpira amevifunga pamoja na vitabu. "Huyo ataipiga chenga hata serikali!" walisema kwenye kilabu cha tembo. Gindo alicheka nao, roho ikimuuma. Siku goti la Maruli lilipovunjika, Gindo alikwenda kanisani kumwombea apone, na katikati ya sala akagundua kwamba anafurahi.

Furaha yenyewe haikudumu. Maruli aliacha mpira, akavaa joho, akafungua ofisi mjini Siantar, na kesi yake ya kwanza ikawarudishia wajane wa kijiji kizima mashamba yao ya mpunga. Sasa hata wajane walitaka kumbeba mabegani. Kisha akamwoa Rotua, dada wa pekee wa Gindo.

Hapo, angalau, desturi ilimpa Gindo kiti. Kwetu Wabatak kaka wa mke ni mkubwa, na mume wa dada humwinamia hata akiwa waziri. Kwenye sherehe za ukoo wa Sihotang, wakili alikunja mikono ya shati, akachinja nguruwe na kuosha sahani.

"Shemeji, mchuzi umepoa huu!" Gindo alikuwa akifoka mbele za watu.

Maruli alileta mwingine mbio, akitabasamu, nao wazee wakanong'ona: tazama, msomi asiye na majivuno. Jamani, hata sahani chafu zilimpa sifa!

Baba wa Gindo na Rotua alipofariki, Gindo akawa mkubwa wa nyumba. Rotua, aliyekwisha kuharibikiwa mimba mbili, alishika ya tatu. Ikifika mwezi wa saba, watu wa upande wa mke hupeleka samaki mzima na nguo ya kufumwa, wakawafunika mume na mke pamoja na kuwabariki. Mwezi wa saba uliingia, ukaisha. Gindo hakwenda. Alitaka winga aje apige magoti.

Na Maruli alikuja, hadi kwenye banda la Gindo la kuziba pancha.

"Shemeji, nimekuja kukuomba."

"Wakili haombi, hutetea. Haya, tetea! Leo hakimu ni mimi."

Vijana wa banda walicheka. Maruli hakucheka. "Sina utetezi, shemeji. Rotua halali. Anasema kwao wamemsahau."

"Mwambie nina kazi," Gindo akasema, akarudi kwenye tairi lake.

Kesho yake Rotua mwenyewe alishuka kwenye basi, miguu imemvimba.

"Kaka, Maruli alikukosea nini?"

"Hajanikosea! Ndiyo balaa lenyewe. Angenikosea, ningepumzika."

"Na mimi je? Uwanja mzima ulikaa upande wa winga. Nani alikaa nyuma ya wavu wako, mvua ikimnyeshea?"

Gindo alifuta mikono kwa kitambaa cha grisi. "Wewe. Halafu akakuchukua na wewe."

"Nguo ni moja kwa watu wawili, kaka. Ukimnyima yeye, mimi unaniacha uchi."

Jumapili Gindo alifika Siantar na samaki mzima aliyepikwa pamoja na magamba yake, wa manjano, akinukia pilipili za mlimani. Akawafunika. Nguo aliivuta sana upande wa dada yake, bega moja la Maruli likabaki nje. Alifanya makusudi. Rotua, bila kuinua macho, alishika pindo na kulifunika bega la mumewe.

Gindo aliona, na wivu ukamchoma upya kabisa. Lakini watu walikuwa wanangoja baraka, na mwenye kuitoa alikuwa yeye peke yake.

"Mtoto huyu azaliwe salama," alisema. "Na akiwa wa kiume, Mungu amfanye kama baba yake."

Neno hilo lilimtoka kama jino linavyong'olewa, na alilimaanisha.