Meno ya Kisigino

Mume wangu ni fundi viatu, na misumari yake huiweka mdomoni. Ndiyo, mdomoni! Sita, saba kwa mkupuo, ile midogo ya kupigilia soli, ameibana kwa midomo huku mkono mmoja umeshika kiatu na mwingine nyundo. Anaisukuma nje kwa ulimi mmoja mmoja kama mtu anayetema mbegu za chungwa. Miaka ishirini na sita niko naye, na miaka yote hiyo namwambia, "Baba watoto, iko siku utaumeza." Ananijibu kwa kuguna, maana mdomo wenyewe haufunguki.

Ni mtu mpole, nisimsingizie. Akipokea kiatu kilichochakaa hukigeuza geuza na kukiuliza, "Nani kakufanyia hivi, wewe?" Lakini akishakaza shingo, nenda kalale.

Zamani pale kibandani alikuwa na mbwa aitwaye Gundi, kwa jinsi alivyokuwa habanduki miguuni pake. Mwaka jana Gundi akaanza kuacha chakula. Tukasema ni uzee. Halafu taya likavimba, na tulipomfikisha kwa daktari wa mifugo usaha ulikuwa umeshasambaa mwilini. Daktari, mama mmoja asiyejua kuzungusha maneno, akamwuliza mume wangu, "Mara ya mwisho kumwangalia kinywa ilikuwa lini?" Mume wangu akainama. Miaka kumi na mmoja, na hakuwahi hata siku moja.

Gundi alikufa siku ya tatu. Kibanda kilifungwa wiki nzima, na bwana huyu alikaa kitandani akirudia neno lilelile: "Nimemuua mimi." Niliongea mpaka koo likanikauka, hakuna kilichomwingia.

Kwa hiyo binti yetu alipotuletea kitoto cha mbwa, kijike cheusi chenye tumbo kama mpira, baba yake alikataa katakata. "Mrudishe. Nitamuua na huyu." Siku mbili baadaye nampelekea chai kibandani, namkuta anapigilia soli na kile kitoto kimelala fofofo juu ya kisigino chake. Hakusogeza mguu asubuhi nzima. Basi kikaitwa Kisigino, na mume wangu akaapa mbele yangu: huyu hatakufa kwa meno.

Jioni hiyohiyo akaanza, na alianza vibaya. Alichukua mswaki wake wa zamani, akaujaza dawa yetu ya meno, akambana mtoto wa watu katikati ya magoti. Weee! Povu hilo! Kisigino akachomoka, akajificha uvunguni, na usiku akatapika. Daktari alimkaripia kwenye simu mpaka mimi nikasikia toka jikoni: "Umemwona wapi mbwa akisukutua na kutema? Anaimeza! Dawa ya watu itamdhuru. Na mswaki uweke kwanza, anza na kidole. Polepole, mzee, polepole!"

Akashika adabu. Kila siku saa kumi na mbili jioni, akishafagia vipande vya ngozi, alikaa kwenye kigoda na kumwita. "Onyesha meno, mwanangu." Wiki ya kwanza alinyanyua tu mdomo wa juu, akahesabu moja, mbili, tatu, akampa kipande cha nyama. Wiki ya pili akaviringisha kitambaa chenye maji kidoleni, akasugua meno ya mbele. Kisigino akigeuza kichwa, hakumlazimisha. "Haya, basi, kesho." Ilichukua mwezi kufika kwenye magego, na hapo ndipo ukaja mswaki laini wa kitoto na dawa ya mbwa aliyoinunua kwa daktari. Kufikia hapo Kisigino alikuwa anakuja mwenyewe, anaweka kidevu kwenye kiganja cha mume wangu na kuachama.

Mshonaji wa kibanda cha jirani alivunjika mbavu. "Fundi, huyo bibi harusi anatolewa lini?" Nami sikubaki nyuma. "Mimi gego linaniuma tangu mwaka juzi, hakuna aliyeniambia nionyeshe." Siwezi kusema uongo, wivu ulikuwepo. Lakini kuweka mkono wangu kwenye mdomo wa mbwa? Hapana. Hata kumshikia mswaki sikukubali.

Jumamosi moja asubuhi alikwenda kununua ngozi, akaniachia kibanda. Nilikuwa napanga viatu vya wateja nikasikia kukohoa. Kisigino alikuwa chini ya kigoda, anajikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, udenda unachuruzika na ndani yake mna damu. Pale chini ndipo misumari huanguka.

Nikampigia mume wangu, simu ikaita ndani ya droo. Mshonaji akaja mbio kumkamata, Kisigino akamng'akia na kujibanza nyuma ya meza, anakabwa, anameza mate. Akiumeza ule msumari, kwisha. Na wallahi sikumfikiria mbwa kwanza. Nilimfikiria yule bwana akirudi na ngozi yake kwapani, akute hivi. Mara ya pili asingeamka kitandani.

Nikalala kifudifudi kwenye vumbi na gauni langu. "Onyesha meno, mwanangu." Sauti ilitoka ya ukali, akarudi nyuma. Nikasema tena taratibu, kama anavyosema yeye, nikahesabu moja, mbili, tatu. Akajikokota. Akaweka kidevu kwenye kiganja changu, anatetemeka mwili mzima, akaachama.

Msumari ulikuwa umekwama kule nyuma, kwenye kaakaa, karibu na gego. Niliingiza vidole. Alilia, na angeweza kuning'ata, lakini alitulia mpaka nikautoa. Nililia kwa sauti pale chini hadi mshonaji akadhani nimeng'atwa.

Mume wangu aliporudi nilimwekea msumari kiganjani, nikamweleza. Alikaa, akamwita Kisigino, akamkagua jino kwa jino, kisha akamkumbatia kwa muda mrefu. Halafu akachota misumari kurudi kazini, mkono ukaelekea mdomoni kwa mazoea, ukasimama njiani. Kisigino alikuwa amekaa mbele yake, anautazama mdomo wake. Akachukua kopo tupu la rangi ya viatu, akaimimina humo yote.

"Miaka ishirini na sita nasema mimi!" nikafoka.

"Wewe ulikuwa unanifokea tu, mama watoto. Huyu ananiangalia."

Jioni, baada ya mswaki, nilidhani tunafunga. Akapangusa kigoda, akanionyesha nikae. "Na wewe. Onyesha meno, mwanangu."

Nilitaka kumtukana. Nikafungua. Akaniinamia na tochi ya simu, akaangalia muda mrefu, na uso wake ukabadilika.

"Limetoboka lote hili. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," nikasema. "Ulikuwa na misumari mdomoni."

Jumatatu hakufungua kibanda. Alinipeleka kwa daktari wa meno, akanishika mkono mpaka jino lilipotoka.