Umepoa, Mzee

Watu wakiniuliza habari za Rispah, fundi wa magari wa hapa Ukunda, huwajibu kwamba simjui sana. Uongo mtupu. Namjua kuliko dada zake walioko Vihiga. Najua anafungua karakana saa moja kasorobo, najua hatii sukari kwenye chai, najua akifungua injini hupanga bolti katika trei za mayai, kwa mfuatano zilivyotoka, ili kila moja irudi kwenye tundu lake. Mimi zangu nazitia zote kwenye mkebe wa maziwa ya unga na kichwa changu ndicho kinachokumbuka. Miaka ishirini na sita kimekumbuka vizuri tu. Lakini wateja wakiziona zile trei husema, ah, huyu mama ana mpango. Trei za mayai, jamani!

Karakana yake inatazamana na yangu, barabara tu katikati. Alikuja pwani kuendesha gari la dobi la hoteli moja ya Diani, gari bovu lililozimika kila wiki, na kila lilipozimika alishuka akalitengeneza mwenyewe kwa sababu fundi wa hoteli alikuwa hashiki simu. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Mimi nilimtumikia fundi wangu miaka minne, nikifua ovaroli yake na kurushiwa spana. Hoteli ilipopunguza watu, Rispah alikodi kile kibanda cha mabati akaandika jina lake mlangoni kwa rangi ya samawati. Nikasema moyoni, huyu miezi mitatu. Sasa ni mwaka wa tano.

Sina haja ya kuficha, nilimwonea wivu. Nilikuwa na kijiba cha roho kisichonipa raha. Akicheka na mteja upande wa pili, mimi huku nasahau niliiweka wapi spana. Lakini yote hayo niliyavumilia mpaka alipochukua gari la Abubakar.

Abubakar ni muuza mbao wa Msambweni, rafiki yangu na mteja wangu wa zamani. Ana gari la michezo la miaka mingi, jekundu, la milango miwili, alilonunua kwa Mswisi aliyekuwa akifundisha watalii kupiga mbizi. Giaboksi yake ni ya otomatiki, na kila akipanda mlima wa Kwale mafuta ya giaboksi yanapata moto mpaka inateleza, injini inalia na gari haliendi. Mara mbili nimeifungua nikabadilisha sahani za klachi zilizoungua. Mara mbili nimemwambia, "Abu, hili ni gari la tambarare. Kwale nenda na jingine." Ila mamake anakaa Kwale, na Abubakar alikuwa amejiapiza kumtembeza bibi yule ndani ya gari lile kabla hajafa mmoja wao.

Rispah akamwambia neno ambalo mimi sikuwahi kumwambia. Gari halina kosa, mafuta yake tu hayapati mahali pa kupoa. Angelifungia rejeta ndogo ya pili mbele, ya mafuta ya giaboksi peke yake, na angebadilisha viungo vya ile shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, vilivyokuwa vikigonga. Abubakar alinieleza haya bila haya, ndani ya karakana yangu, anakunywa kahawa yangu.

"Giaboksi ya namna hii haipatikani tena, Chome," akasema. "Ikiungua mara ya tatu nitaliuza chuma chakavu. Basi nimeona nijaribu kwake. Na wewe usikasirike, mwenyewe alikutaja kwa heshima. Alinambia, mzee Chome amepoa."

Amepoa. Huku kwetu kilichopoa ni chai iliyosahauliwa mezani, au soko lisilo na wateja. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la kawaida. Alipoondoka niliketi juu ya tairi, na roho iliniuma mpaka adhuhuri.

Alhamisi nilikwenda kununua mahamri upande wa pili. Kusema kweli mahamri yanauzwa upande wangu pia. Gari jekundu lilikuwa juu ya jeki, Rispah yuko chini yake, na mimi nikasimama penye uzio. Alichungulia akasema, "Shikamoo, mzee." Nikamjibu marahaba, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye mipira miwili ya mafuta.

Alikuwa ameigeuza. Giaboksi nyingi, mafuta ya moto hutokea bomba la juu. Hii, ambayo mimi nimeifungua mara mbili, hutokea la chini. Mafuta yalipaswa kupita kwanza ndani ya rejeta kubwa ya maji ya injini, kisha yaende kwenye ile ndogo yapozwe, ndipo yarudi. Yeye ameyaanzisha kwenye ndogo, halafu yapite katika maji ya moto, halafu ndiyo yarudi ndani. Ni sawa na kupoza uji kwenye sahani kisha ukaurudisha jikoni kabla ya kumpa mtoto. Hapa mjini asingeona kitu. Mlima wa Kwale ungemwonyesha.

Sisi mafundi wa hapa tuna desturi yetu: kazi iliyofunguliwa na mwenzako huisemei neno mpaka akuite. Desturi nzuri. Niliishika siku ile kwa mikono miwili. Nikanunua mahamri yangu, nikavuka barabara, nikajitia hamnazo, na raha niliyoipata naona aibu kuieleza. Nililiona jina lile la samawati likifutwa.

Wiki nzima nilikula vizuri. Ijumaa ya wiki iliyofuata, asubuhi, Rispah akavuka barabara kwa miguu yake, Abubakar nyuma yake na ufunguo mkononi.

"Mzee, leo tunapanda Kwale kuijaribu," akasema. "Twende pamoja. Wewe ndiye uliifungua kabla yangu. Si unajua sauti yake?"

"Mimi nimepoa," nikamwambia. "Si ndivyo ulivyosema?"

"Eeh, umepoa! Ndiyo maana nakutaka." Alikuwa anatabasamu. "Mimi niko na haraka, mzee. Naeza choma kitu juu ya haraka. Wewe hukimbilii kitu, unaskiza kwanza. Huyo ndiye mtu amepoa."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, nisiione. Kwao bara aliyepoa ni mtulivu. Alikuwa amenisifu mbele ya mteja wangu, na mimi nikamwekea moto chini ya giaboksi. Ningeweza kusema pale pale. Niliingia kiti cha nyuma, magoti yakanifika kidevuni, na kutoka Ukunda hadi Kombani sikutamka neno. Abubakar alidhani nasikiliza.

Kombani, pale barabara ya Kwale inapochepuka, nikasema, "Simamisha."

Nikafungua boneti, nikamwita Rispah. "Shika mpira huu unaotoka rejeta ndogo. Kisha shika huu unaorudi kwenye giaboksi."

Alishika wa kwanza, ulikuwa vuguvugu tu. Alishika wa pili akauachia upesi, akapuliza vidole. Sikuhitaji kumweleza zaidi. Alitoa gunia, akalala chini ya gari na ovaroli yake safi, akaibadilisha mipira, akajazia mafuta yaliyomwagika.

Gari likapanda. Sijui niseme nini, lilipanda kama halijui kwamba ule ni mlima. Tulipofika Kwale mamake Abubakar alikuwa barazani amevaa leso mpya, na mwanawe akashuka akipiga kelele, "Rispah, wewe ni fundi!"

"Si mimi. Mzee ndiye ameona kosa," akasema Rispah. "Bila yeye tungeichoma."

Abubakar akanigeukia kwa furaha. "Wallahi, Chome? Uliliona saa ngapi?"

Sifa nilizozililia miaka mitano zilikuwa mbele yangu, nikunjue mkono tu nizichukue. Ningesema bila kugusa mpira, bila kufungua boneti, nililiona kwa macho nikiwa nimesimama uzioni. Hakuna fundi mwingine Ukunda angeliona. Lakini uzioni nilisimama Alhamisi ya wiki iliyopita.

"Sasa hivi," nikasema. "Pale Kombani, nilisikia harufu."

"Basi bahati," akasema Abubakar, akaenda kumfungulia mamake mlango.

Rispah hakuenda naye. Alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, akinitazama. Harufu haikuwepo, na yeye alikuwa ameketi kiti cha mbele. Nikaona anahesabu siku nyuma, anafika kwenye uzio, anafika kwenye mahamri.

"Umepoa, mzee," akasema.

Sikumuuliza ni kwa Kiswahili cha kwao au cha kwetu.